Zizi Lisilojibu

"Mkuki, Mkuki, hapa Boma. Fahali watatu wamevuka mto. Narudia, fahali watatu. Ova."

Nyangwine hakuhitaji kuambiwa. Vumbi la fahali hao alikuwa akilila tangu daraja la Mto Mara.

Fuso tatu, turubai za bluu, zimeongozana kama msafara wa harusi. Ndani yake ng'ombe waliobanwa mpaka pembe zinachungulia nje. Nyuma yao, Yamaha DT 125 nyeusi. Na juu ya Yamaha, mwanamume ambaye Kitengo, kikosi cha siri cha kupambana na wizi wa mifugo, kilimtuma pale tu wengine waliposhindwa.

"Boma, ninao machoni. Tunaikaribia Kerende. Niwasimamishe? Ova."

"Hapana! Thibitisha kwanza kama ni ng'ombe walioporwa Machochwe. Tukimzuia tena mtu na mali yake halali, Kitengo kinafungwa. Ova."

"Sawa, Stefania."

"Tumia jina la kazi, Mkuki."

Redio ikakatika.

Moyo ulimchoma. Mwanamke huyu huyu, kabla ya mvua za mwaka jana, alikuwa akimwita mura, kijana kwa Kikurya, kwa sauti ya chini, hata redio ikiwa wazi na Kitengo kizima kinasikiliza. Leo yeye ni Mkuki. Lakini yule kijana wa kompyuta aliyeletwa kutoka Njombe haitwi Mkuki wala Rungu. Anaitwa Danford, jina kamili, tena kwa sauti ya mtu anayeonja uji kama umekolea sukari.

Akaongeza gia. Yamaha ikaruka shimo, ikasogea ubavuni mwa Fuso ya mwisho. Ndani ya taa yake ya mbele kulikuwa na skana iliyoweza kusoma hereni ya kielektroniki kwenye sikio la ng'ombe kwa umbali wa kurusha jiwe. Nyangwine akabonyeza kitufe chini ya honi.

Mlio mfupi. Hereni imesomwa.

Samsung iliyofungwa kwenye usukani ikawaka: *Zizi linatafuta.*

Likatafuta. Fuso zikaipita Kerende, wachimbaji wenye sururu mabegani wakakimbilia pembeni kukwepa vumbi. Likatafuta. Mtelemko ukaisha, kilima kikaanza. Zizi bado linatafuta.

"Danford, Danford," Nyangwine akasema ndani ya helmeti. "Siku zako zinahesabika."

Akajisikia vizuri kulisema.

Zizi lilikuwa kazi ya Danford. Kila ng'ombe wa Tarime na Serengeti aliyevishwa hereni aliandikwa humo: wa nani, amechanjwa lini, ana kibali gani, ameripotiwa kuibwa au la. Soma hereni, Zizi linakujibu. Hivyo ndivyo walivyoahidiwa siku ya kikao, Danford amesimama mbele na shati lililopigwa pasi kama la bwana harusi.

"Kila ng'ombe lazima awe na ufunguo mkuu," Danford alisema siku ile. "Ufunguo ndio unaomtofautisha na wenzake wote, na ndio unaoamua mahali atakapokaa ndani ya mfumo. Namba za kufuatana sizitaki. Tukiandika moja, mbili, tatu, wezi watakisia inayofuata na kutengeneza hereni za bandia. Kwa hiyo ufunguo wetu utakuwa jina la mwenye ng'ombe, kijiji chake, na alama ya ukoo wake."

Stefania alitabasamu. Halikuwa tabasamu la kikazi. Nyangwine alilijua tabasamu lile, zamani lilikuwa lake.

Akainuka. "Ng'ombe wa huku hakai kwa mtu mmoja. Binti akiolewa, ng'ombe wanaingia. Kaka yake akioa, ng'ombe hao hao wanatoka, pengine wiki hiyo hiyo. Jina likibadilika, huo ufunguo wako utaufanyaje?"

Swali lilikuwa zuri. Angekaa hapo, mambo yangekuwa mengine.

"Au kwenu Njombe mnaoa kwa viazi?"

Watu wakacheka. Danford akainamisha macho. Stefania akapiga meza kwa kalamu. "Nyangwine, kaa chini. Huo ni wivu, si hoja."

Akakaa. Hoja yake ikakaa naye, na Zizi likajengwa vile vile.

Redio ikakoroma tena. Sauti nyingine safari hii, nzito, ya kirafiki.

"Mkuki, hapa Geti. Kaka yangu, mambo yameharibika."

Alikuwa Evance, mkuu wa kizuizi cha mifugo njia ya Sirari. Mtu mcheshi, mwingi wa habari. Ni yeye aliyemnong'oneza Nyangwine, wa kwanza kabisa, kwamba Stefania na Danford wameonekana Tarime mjini wakila samaki kwenye sahani moja. Tangu siku hiyo hakuacha kumletea taarifa, kila moja na pilipili yake.

"Zungumza, Geti."

"Zizi limekwama. Tangu asubuhi kuna mtu anaingiza uhamisho wa ng'ombe, maelfu, wote eti wa mahari. Nimeangalia akaunti iliyotumika. Kaka, naogopa hata kusema."

"Sema!"

"Ya Danford."

Nyangwine alicheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, juu ya pikipiki, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipalilia mtama akanyoosha mgongo kumtazama.

"Wahi ukamtie pingu," Evance akasema. "Hizo Fuso niachie mimi. Kwangu hazipiti."

Nyangwine hakuuliza mara mbili. Aliipinda Yamaha akashika njia ya ng'ombe, akaziacha Fuso tatu zilizokuwa zikipanda kilima kwa kunung'unika, akaelekea Nkende, kwa Danford. Kifuani alikuwa na furaha ambayo mtu mwema hapaswi kuwa nayo.

*

Nyumba ilikuwa na kibao cha stesheneri: kuchapa, kutoa kopi, kubandika plastiki vitambulisho. Nyuma ya mashine ya kopi kulikuwa na mlango wa chuma. Nyuma ya mlango wa chuma ndimo lilimokaa Zizi.

Teke moja. Mlango ukafunguka.

"Mikono juu!"

Danford aligeuka. Shati halikuwa na pasi tena, lilikuwa limeloa jasho. Aliitazama bastola ya Beretta, akamtazama mwenye Beretta, akanyanyua mkono mmoja tu.

"Kaka Nyangwine, shikamoo. Nipige ukitaka, lakini huu mkono mwingine uniachie nichape."

"Umekiuza Kitengo."

"Nimekiponza kwa ujinga wangu. Kukiuza, hapana. Njoo utazame, halafu utaamua."

Nyangwine akasogea. Mtutu haukushuka.

"Wewe ulinionya siku ile," Danford akasema, vidole vikikimbia. "Zizi linawapanga ng'ombe kwa ufunguo wao. Ufunguo una jina la mwenyewe. Ng'ombe akihama mtu, jina limebadilika, kwa hiyo ni lazima ang'olewe alipo akapachikwe kona nyingine. Kona imejaa? Inapasuliwa mbili. Chanjo zake na vibali vyake vimefungwa kwake kwa ufunguo ule ule mrefu, navyo vinang'olewa vimfuate. Na faharasa, zile orodha zinazotuwezesha kumpata mara moja, zote zinaandikwa upya. Ng'ombe mmoja akihama, husikii kitu. Wakihamishwa maelfu kwa mkupuo, Zizi halina nafasi ya kujibu mtu."

"Na geti?"

"Agizo la geti unalijua. Zizi lisipojibu, gari linapita kwa kibali cha karatasi."

Kibali cha karatasi, hata mwanafunzi wa darasa la tano angekichora.

Nyangwine akainama kwenye kioo. Majina yalikuwa yakipanda kama siafu. Akasoma la kwanza, akakunja uso. La pili. La tatu.

"Huyu Nchagwa anamlipa mahari nani? Huyu? Hawa ni watoto wa babu mmoja! Na hawa, majirani wa ua mmoja, mlango mmoja. Nani ameoa dada yake?" Akapiga meza. "Aliyeandika haya ni mgeni. Amechukua majina ya kitongoji, nyumba kwa nyumba, akawaozesha ndugu."

"Mimi sikuliona hilo," Danford akasema.

"Ungelionaje? Na wewe ni mgeni."

Kidole kikaingia kwenye kifyatulio. Mkosaji mgeni, akaunti ya mgeni, na mgeni mwenyewe huyu hapa. Kila kitu kilikuwa kimejipanga jinsi moyo wake ulivyoomba.

Ndipo alipouona uhamisho mmoja usiofanana na mingine.

Ulikuwa juu kabisa ya foleni, ukisubiri tangu juzi, na sasa umekwama pamoja na mingine. Anayetoa: Danford, wa Nkende. Anayepokea: mzee Elia, wa Sirari. Sababu: mahari.

Mzee Elia alikuwa baba yake Stefania.

Chumba kilikuwa na feni mbili za kupozea mashine. Nyangwine hakuzisikia. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Yeye alichelewa. Hakuwa na dada ambaye ng'ombe wa mahari yake wangemwezesha kuoa, na badala ya kutafuta ng'ombe alitafuta wahalifu, misheni baada ya misheni, akiamini Stefania atakuwepo tu, kama mlima. Mgeni wa viazi amekuja juzi na ameshapeleka ng'ombe. Kumpiga risasi kungekuwa rahisi. Ripoti ingeandikwa kwa mistari michache, na nani angebisha?

Lakini alikuwa jasusi mzuri kuliko alivyokuwa mwenye wivu, na jambo moja lilikataa kumpisha.

Mtu anayetaka kulikwamisha Zizi, atakwamishaje na mahari yake mwenyewe?

Ushahidi pekee uliomsafisha Danford ulikuwa ndio huo huo uliomchoma yeye. Nyangwine alitamani asingeuona. Akashusha Beretta.

"Uhamisho huu aliuandika nani?"

"Bwana harusi haruhusiwi kujiandikia mwenyewe. Nilimpa mtu neno langu la siri aniandikie."

"Nani?"

"Evance."

"Baadaye ukalibadilisha?"

Danford akatikisa kichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya Kitengo ilikuwa imemficha Evance, mgeni mwingine wa huku, na samaki wake, na pilipili zake zote. Sasa Nyangwine alielewa ni kwa nini mtu yule alijali sana nani anakula na nani. Alikuwa akimnoa kama panga, ili siku ikifika amtupe upande usiohusika.

"Fuso zinakwenda kwake," Nyangwine akasema. "Mfute mwizi kwenye foleni."

"Nikifuta sasa hivi, kurudisha kila kitu kunachukua muda mrefu kuliko kuingiza. Ila kuna njia." Danford alishaanza. "Ninayo nakala ya jana. Naijengea kibanda kidogo pembeni. Ufunguo mpya: namba fupi ya kufuatana, inakaa ndani tu, haichapishwi popote, kwa hiyo hakuna wa kuikisia. Haibebi jina la mtu, basi ng'ombe akitolewa mahari mara kumi haibadiliki. Kila anayeingia anakaa mwisho wa mstari, hasukumi mtu. Kisha namba ya hereni naipa faharasa yake peke yake. Skana yako nitaigeuza isome huko."

"Kwa nini hukufanya hivyo tangu mwanzo?"

"Kwa sababu aliyeniambia aliniambia kwa viazi."

Wakatazamana. Nyangwine alitaka kucheka, akakasirika kwamba alitaka kucheka.

"Fanya haraka," akasema. "Mimi nakwenda kuwachelewesha."

*

Fuso ya kwanza ilikuwa imeshagusa kizuizi. Pembeni ilisimama Prado nyeupe, vioo vya giza. Mwenye Prado alikuwa nje, miwani ya Ray-Ban, mkono kwenye bega la Evance kama mtu na shemeji yake. Faili lake Nyangwine alilijua. Brayan, mnunuzi wa chochote kilichoibwa, upande wowote wa mpaka.

Mwisho wa foleni kulikuwa na Canter ndogo yenye ng'ombe wachache, safi, wameoshwa.

Evance aliiona Yamaha, akashtuka, akatabasamu. "Kaka! Vipi, umemkamata?"

Nyangwine alikuwa na Beretta yenye risasi za kutosha. Lakini bila jibu la Zizi, zile Fuso zilikuwa mali halali ya mtu, na yeye alikuwa mwendawazimu mwenye bunduki. Alihitaji dakika. Akatafuta haraka uongo wa kumpa Evance, kisha akaona hauhitajiki.

Akaegesha Yamaha chini ya mti wa kizuizi, mbele kabisa ya Fuso. Akavua helmeti. Akakaa juu ya tangi la mafuta kama mtu aliyechoka na dunia.

"Mlango nimeuvunja, mtutu nimemwelekezea," akasema. "Lakini moyo haujapoa, Evance. Unajua amepeleka ng'ombe kwa mzee Elia?"

Macho ya Evance yakang'aa. "Pole, mura."

"Mimi miaka yote hiyo nakula vumbi la wezi. Nikirudi, nimechoka, nalala. Yeye anashinda kwenye kivuli na feni mbili, akitoka ananukia sabuni. Mwanamke ataacha kumtazama?"

"Buda, pole sana," Brayan akaingilia, akitazama saa yake ya Rolex. "Lakini si utoe hiyo pikipiki kwanza? Sisi tuko na haraka."

"Subiri, namalizia." Nyangwine akatikisa kichwa. "Kinachoniuma si kwamba amemchukua. Kinachoniuma ni kwamba mtu mwenyewe si mbaya. Ningempata na ubaya, hata mdogo, ningelala. Nimeutafuta. Nimeutafuta kama mtu anayetafuta chawa kwenye shati jipya."

Evance alisikiliza kwa uroho. Askari wawili wa geti nao walisogea, wameegemea bunduki zao. Nyangwine akaendelea. Akasema jinsi Stefania alivyokuwa akimwita zamani, jinsi siku hizi anavyomwambia tumia jina la kazi. Katika utumishi wake wote hakuwahi kudanganya mtu kwa namna hii, kwa maana kila alichosema kilikuwa kweli.

"Eh, boss," Brayan akafoka. "Hii ni barabara ama ni kanisa?"

Samsung ikatetemeka kwenye usukani.

Nyangwine akaitoa, akaielekeza taa ya Yamaha kwenye Fuso, akabonyeza kitufe. Safari hii hakuna kutafuta. Kabla kidole hakijaondoka, jibu lilikuwa pale.

*Mwenye ng'ombe: Waitara, Machochwe. Ameripotiwa kuibwa.*

Akabonyeza tena. Machochwe. Tena. Machochwe. Zizi lilijibu kama mtoto mwenye majibu yote darasani.

Akawageuzia askari kioo wakisome wenyewe. "Hadithi yangu imeisha."

Brayan alikuwa mwepesi. Bastola ilitoka kiunoni. Lakini Nyangwine alikuwa ameshajitupa chini ya Fuso, akatokea nyuma, akang'oa pini ya mlango wa nyuma. Mbao zikaanguka. Fahali wa mzee Waitara, waliobanwa tangu Machochwe bila maji wala heshima, wakashuka kwa hasira.

Risasi ya Brayan ilitoboa turubai.

Hakupata nafasi ya nyingine. Fahali mweusi mwenye pembe pana alimbana kwenye mlango wa Prado, miwani ikaenda huku, bastola ikaenda kule. Nyangwine akapasua tairi mbili za Prado kwa risasi mbili. Evance akatimua mbio kuelekea migombani. Helmeti ikapaa, ikamkuta kisogoni, akalala kifudifudi.

Askari, waliokuwa wameshasoma, hawakuhitaji amri. Madereva wa Fuso walishuka wenyewe, mikono kichwani.

Nyangwine akamwinua Evance, akamfunga pingu mkono mmoja, upande wa pili akaufunga kwenye mti wa kizuizi.

"Kaka, tunaweza kuelewana," Evance akahema. "Mimi ndiye niliyekwambia ukweli kuhusu yule mwanamke."

"Ndiyo. Kwa hilo nakushukuru."

*

Ilibaki Canter.

Ndani yake, karibu na dereva, alikaa mama wa makamo mwenye kitenge kipya na sweta, katika joto lile. Alikuwa ametazama vita vyote bila kushuka.

"Shikamoo mama. Mnatoka wapi?"

"Marahaba, baba. Mimi ni Winfrida, nimetoka Njombe. Ng'ombe tumewanunua mnadani Mugumu. Nampelekea mahari mtoto wa kaka yangu, Danford, maana hapa hana mtu." Akashusha sauti. "Hawa watu wa Sirari ni wakali? Wataninyanyasa kwenye mazungumzo?"

Nyangwine akasoma hereni kwanza.

*Mwenye ng'ombe: Danford, Nkende. Uhamisho unasubiri.*

Uhamisho wote ulioingizwa na akaunti ile ulipaswa kuzuiwa mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi wa Kitengo haujawahi kuisha kabla ya mavuno mawili. Hakuna ambaye angemlaumu. Ilitosha kusema neno moja, na ng'ombe wale wangelala hapa, na mzee Elia angesubiri, na mzee Elia hakuwa mtu wa kusubiri. Moyo wake uliliomba hilo neno. Ulilililia.

"Msalimie kwanza mama mkubwa, kabla ya mzee," akasema. "Na ng'ombe huyu mwekundu mtangulize, wanapenda rangi hiyo. Ukifanya hivyo hawatakusumbua."

"Ahsante baba. Na wewe utakuja harusini?"

"Nitakuwa kazini."

Akaisogeza Yamaha. Akabonyeza uzito wa kizuizi. Mti ukapanda, na mkono wa Evance ukapanda nao, mpaka akabaki amesimama kwa ncha za vidole kama anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Canter ikazizunguka Fuso, ikapita chini ya kwapa lake, ikashika lami kuelekea Sirari.

Redio ikakoroma.

"Mkuki, hapa Boma. Askari wamenipa taarifa. Kazi nzuri. Wanasema kuna gari moja umeliruhusu. Limebeba nini? Ova."

"Ng'ombe. Halali. Ova."

"Wa nani?"

Nyangwine akavaa helmeti, iliyokuwa na bonde jipya mbele. Akakanyaga kiki. Yamaha ikaunguruma.

"Uliza Zizi," akasema. "Siku hizi linajibu upesi."

Akazima redio, akageuza pikipiki upande wa Machochwe kumpa mzee Waitara habari za fahali wake.